Mhitimu wa Ukadiriaji Majenzi Mbele ya Mwajiri: Tuwasaidieje Vijana Wetu

Mada iliyotolewa na mwanachama wetu, mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa, kwenye mkutano mkuu wa mwaka uliofanyika Endasak. Tunaichapisha kama alivyoitoa, kwa ombi la wanachama.

 

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na kunionya nisiongee kitaalamu. Nitajitahidi, ila kidogo mtanivumilia, kwa sababu kazi nitakayoizungumzia wengi hapa mnaihitaji bila kuijua kwa jina. Mtoto akirudi likizo akasema anasomea udaktari, ualimu au sheria, bibi yake anaelewa mara moja. Akisema anasomea ukadiriaji majenzi, bibi anauliza, "Kwa hiyo utakuwa fundi?" Hapana, bibi. "Basi injinia?" Hapana. "Sasa wewe, mjukuu wangu, utakuwa nani?"

Nianze na kitu ambacho kila mkulima hapa anakifahamu: lumbesa. Gunia limeshajaa, mnunuzi analishonea kofia juu, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele jambo hili miaka mingi, na sisi tunalijua kwa maumivu. Ujenzi nao una lumbesa yake, isipokuwa imegeuzwa kichwa chini: unalipa gunia zima, unapewa debe nne, na huoni, kwa sababu kilichopungua kimefukiwa ardhini au kimepigwa lipu.

Chukueni darasa moja, mita 9 kwa mita 7 kwa ndani. Sakafu yake ni mita za mraba 63. Mchoro unasema zege la jamvi liwe na unene wa sentimita 10, kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Hizo ni mita za ujazo 6.3, na kila mita ya ujazo ya zege hilo inakula mifuko sita na robo hivi ya saruji ya kilo 50. Jumla ni kama mifuko 40. Sasa fundi akimwaga sentimita saba na nusu badala ya kumi, inatumika kama mifuko 30. Akimwaga kumi kamili lakini akachanganya moja kwa tatu kwa sita, inatumika 28. Zege likishakauka na kupigwa niru, madarasa yote matatu yanafanana machoni. Sisi tumelipia mifuko 40. Hiyo mingine 10 au 12 iko wapi?

Mtu wa kujibu swali hilo ndiye mkadiriaji majenzi, na akiwa mzuri analijibu kabla zege halijamwagwa. Anasoma michoro na kuandaa mchanganuo wa kazi na gharama, ule ambao hata mafundi wa hapa mnauita BOQ. Zabuni zikija, anazilinganisha. Kazi ikianza, anapima kilichofanyika kweli ili hati ya malipo isizidi kazi. Ikiisha, anafunga hesabu ya mwisho. Makandarasi wanamtaka, ofisi za washauri zinamtaka, halmashauri, TANROADS, TARURA, Shirika la Nyumba, hata mabenki yanayokopesha wajenzi. Ni taaluma yenye sheria yake ya mwaka 2010 na bodi yake, Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Huwezi kujiita mkadiriaji majenzi kwa sababu tu una shahada, na hapo ndipo panapoanzia shida niliyoijia leo.

Tunao vijana wetu wanaosoma fani hii, na wengine wameshahitimu. Baadhi wamesomeshwa kwa michango ya chama hiki, na wazazi wao wako hapa. Kwa hiyo ninachosema sikisemi kwa kuwalaumu. Nakaa kwenye usaili mara nyingi, upande ule wa meza ambao vijana wanauogopa, na ninaona kitu kimoja kinajirudia: kijana ana alama nzuri, anajua kupima kutoka kwenye mchoro, lakini hajui bei inatoka wapi.

Swali langu huwa ni moja. Namwambia: nipe bei ya mita moja ya mraba ya ukuta wa tofali za saruji za inchi sita. Wengi wanaanza vizuri. Tofali kumi hivi kwa mita ya mraba. Ongeza asilimia tano ya zitakazovunjika. Ongeza saruji na mchanga wa kujengea, ongeza fundi na saidia fundi, ongeza gharama za ofisi na faida ya mkandarasi. Ni sahihi kabisa, ndivyo wanavyofundishwa. Nauliza: tofali moja linafika saiti kwa shilingi ngapi? Hapo wanataja bei. Mmoja anataja bei ya Tegeta, mwingine bei aliyoiona kwenye mchanganuo wa rafiki yake, mwingine ananikumbusha bei ya mwaka ule alipokuwa mwaka wa pili.

Alikuja binti mmoja, hakuwa wa huku kwetu, wala alama zake hazikuwa za juu kuliko wenzake. Nilipomuuliza swali lile la tofali alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Saiti iko wapi?" Tulimwajiri.

Swali lake lina uzito, na mfano tunao hapa hapa. Mwaka 2021 Serikali ilipopata mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3, sehemu ilikwenda kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, na kila darasa liliwekewa shilingi milioni 20. Lilikuwa jambo kubwa na watoto wetu wanakalia madawati yake. Lakini milioni 20 ni milioni 20 kando ya barabara ya lami ya Babati–Katesh–Singida, na ni milioni 20 hizo hizo kwenye kijiji ambacho lori likiingia masika linatoka kiangazi. Saruji inatoka kiwandani kwa bei moja, lakini haifiki kila mahali kwa bei moja. Kamati za shule zilizofanya kazi ile mnajua pengo lilizibwa na nini: nguvu za wananchi, mawe ya wazazi, mchanga wa kusombwa na mikokoteni ya punda. Hivyo vyote vina thamani, na mara nyingi havikuandikwa popote.

Au chukueni maji. Jamvi lile nililolitaja, kwa kuchanganyia zege tu, linataka zaidi ya lita 1,000. Ni zaidi ya madumu 50 ya lita ishirini, kabla hujaanza kumwagilia zege kwa siku saba ili lisipasuke. Kijana anayechukua fomu ya mchanganuo iliyotengenezwa mjini, ambako bomba lipo ukutani, hataona mstari wa maji. Kiangazi cha huku, maji ya saiti yananunuliwa. Mkandarasi aliyemwajiri atagundua kosa hilo mwezi wa tisa, wakati bei ya zabuni imeshafungwa na haibadiliki.

Basi jambo la kwanza mwajiri analotarajia ni hilo: bei yenye miguu, iliyokanyaga mahali. Vijana wetu wangepaswa kuwa mbele katika hili kuliko mtoto wa mjini. Wamekulia kwenye bei. Wamewaona baba zao mwaka 2017, India ilipozuia mbaazi kutoka nje, wakikaa na mazao ndani ambayo mwaka uliotangulia yalikuwa pesa. Wanajua bei ya mnadani asubuhi si ya jioni. Hakuna aliyewaambia kwamba ujuzi ule ndio tunaoutafuta kwenye usaili. Wanauacha nyumbani kama wanavyoacha kandambili.

La pili litawashangaza wazazi: kuandika barua. Miradi mikubwa hapa nchini, barabara, mabwawa, reli, mingi inaendeshwa kwa mikataba ya FIDIC. Katika toleo la mwaka 1999 la mkataba huo, mkandarasi anayeona anastahili kuongezwa muda au malipo anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu ajue jambo hilo. Zikipita, haki yake imekwisha, hata kama mvua ilinyesha mbele ya kila mtu. Sasa nani saiti anahesabu siku hizo? Mara nyingi ni kijana mkadiriaji, mwenye miezi mitatu kazini, aliyekaa kontena moja na mhandisi aliyechoka. Akijua kuandika barua ya nusu ukurasa, yenye tarehe, kifungu, kilichotokea na picha, ameokoa pesa ambazo zingemlipa mshahara kwa miaka. Akiona haya kuandika, au akisubiri aambiwe, zimekwenda. Nimesoma barua za wahitimu ambazo zinaanza na salamu tatu na kumalizika bila kusema wanaomba nini. Chuo kinawafundisha sheria ya mikataba, na kinawafundisha vizuri. Kuandika barua mia moja hadi mkono uzoee ni kazi ambayo hakuna muhula unaoitosha.

Kompyuta sitaizungumza sana kwa sababu vijana wanaijua kuliko mimi, au wanadhani hivyo. Kujumlisha safu kwenye Excel hakuhesabiki kama ujuzi siku hizi. Mwajiri anataka ukibadilisha bei ya saruji sehemu moja, mchanganuo wote wa kurasa 80 ubadilike wenyewe. Anataka uweze kufungua mchoro wa AutoCAD na kupima humo, na kama ofisi ni kubwa, uwe umeshagusa programu kama CostX au PlanSwift. Zabuni za umma tangu mwaka 2023 zinapita kwenye mfumo wa NeST, kwa hiyo mtu asiyejua kuandaa nyaraka zake kimtandao anabaki mtazamaji. Ila niseme ukweli: wahitimu wetu kadhaa walimaliza miaka minne ya chuo bila kumiliki kompyuta mpakato. Walifanya kazi za usiku kwenye mashine za wenzao, wenzao wakilala. Unamlinganishaje huyo na aliyekuwa nayo tangu kidato cha tano?

Na kuna jambo la nne ambalo halipo kwenye tangazo lolote la kazi. Kijana atafika saiti, atakuta ameandaliwa hati ya malipo ya zege ambalo halijamwagwa, na mtu mzima, mwenye heshima, atamwambia, "Saini tu mwanangu, wiki ijayo tunamwaga." Hapo hapatakuwa na mwalimu wala mzazi. Anahitaji kuwa ameshawahi kuona mtu anakataa bila kugombana: anachukua futi kamba, anapima, anaandika kilichopo, anasema hiki ndicho nitakachokisaini leo. Hilo halifundishiki ubaoni. Linaonwa kwa mtu.

Wenzetu wa nje wana namna ya kulieleza hili ambayo naipenda. Chama cha RICS, kilichoanzishwa London mwaka 1868, kinamtahini mwanataaluma kwa ngazi tatu katika kila ujuzi: kwanza anajua, pili anafanya, tatu anashauri. Chuo kinampa kijana wetu ngazi ya kwanza na kipande cha pili. Mwajiri analipa ngazi ya pili na anaitafuta ya tatu. Katikati ya hizo kuna daraja, na daraja hilo ni muda wa kukaa chini ya mtu anayejua, kila siku, kazi halisi. Bodi yetu nayo inadai hivyo hivyo kabla ya kusajili: mazoezi ya kazi chini ya mtaalamu aliyesajiliwa, halafu mtihani. Wahandisi wamelipanga zaidi. Bodi yao tangu mwaka 2003 ina mpango wa kuwalea wahitimu kwa miaka mitatu.

Sasa twende kwenye pesa, maana hii ni harambee.

Ofisi zipo zinazokubali kumpokea mhitimu aje ajifunze. Nyingi hazimlipi, au zinampa nauli kidogo. Siwalaumu sana, ofisi ya watu watano haina fungu la kumlea mtu wa sita. Lakini angalieni nani anayeweza kukubali nafasi hiyo. Anaweza yule mwenye shangazi Kinondoni au kwao Njiro. Analala nyumbani, anakula nyumbani, baada ya miezi sita ana barua ya uzoefu na mwaka unaofuata ana kazi. Mtoto wa Endasak mwenye alama zile zile anaipata nafasi hiyo hiyo, anashukuru, halafu hatokei. Watu wanasema hakuwa makini. Mimi nimekaa nikapiga hesabu, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Chumba kimoja pembezoni mwa Dar es Salaam, shilingi 70,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo: 420,000 kabla kijana hajafungua mlango wa ofisi. Chakula 5,000 kwa siku, na hapo anajipikia, ni 150,000 kwa mwezi. Daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 2,400 kwa siku, siku 24 za kazi, ni 57,600. Simu na bando, 20,000. Jumla ni 297,600 kwa mwezi, na kwa miezi sita ni 1,785,600. Hakuna nguo humo, hakuna kuugua humo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo una fungu la mafunzo kwa vitendo wakati mtoto anasoma. Siku anayovaa joho mkopo umekoma, na linalobaki ni deni.

Wazazi, mmeuza ng'ombe kumfikisha pale. Chama kimechangia ada. Miaka sita ya sekondari, minne ya chuo. Halafu anakwama kwa kukosa milioni moja na laki nane, anarudi hapa, anaanza kukaa kwenye vijiwe vya bodaboda, na baada ya mwaka wa pili hata fomula amezisahau. Mimi kama mkadiriaji naliona hilo kama nyumba iliyofika lenta ikaachwa bila bati. Kila masika inarudi nyuma.

Pendekezo langu kwa mkutano huu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni mfuko wa wahitimu: kila mwaka tuwalipie vijana watatu gharama hizo za miezi sita, kwa makubaliano ya maandishi na ofisi inayowapokea, na chini ya mtaalamu aliyesajiliwa. Kwa vijana watatu ni shilingi 5,356,800. Tuongeze kompyuta mpakato mbili za chama, zinazoazimwa kwa kusainiwa na kurudishwa. Pesa zisipite mkononi mwa kijana zote kwa pamoja. Kodi ilipwe kwa mwenye nyumba, posho itoke kila mwezi baada ya kuonyesha daftari lake la kazi. Na atakayepata ajira, arudishe nusu bila riba ndani ya miaka mitatu, ili mwenzake aingie.

Sehemu ya pili haitaki pesa mpya, na nadhani ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Chama kinajenga bweni la wasichana. Tunajenga kwa utaratibu ule ule wa shule zetu, tukitumia mafundi wa hapa na kamati zetu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Naomba ujenzi huo uwe darasa. Mhitimu mmoja akae na kila kamati. Kwenye manunuzi, atafute bei tatu Katesh, Babati na Arusha, na aandike usafiri mbali na bei ya duka. Kwenye mapokezi, ahesabu mifuko inaposhuka, si inapoandikwa. Kwenye ujenzi, apime jamvi kabla halijamwagwa, na kila Jumamosi aandike barua moja kwa Mwenyekiti: tumefika wapi, tumetumia nini, tofauti na mchanganuo ni ipi, kwa sababu gani. Mimi na wenzangu wawili walio katika fani tutazisoma barua hizo na kuzirudisha na wino mwekundu. Wiki kumi na mbili za hivyo zinampa kijana kitu cha kuweka mezani kwenye usaili, nanyi mnapata bweni ambalo kila mchangiaji anaweza kuuliza mfuko wake wa saruji uko wapi akajibiwa.

Najua maswali yatakayokuja, kwa hiyo niyatangulie. Mzee mmoja ameshaniuliza nje hapo: kwa nini hawa tu, na mwenye diploma ya uuguzi je? Ni haki kuuliza. Ninaanza na hawa kwa sababu ninaweza kuwasimamia, na kusimamia ndiko kunakokosekana, si nia njema. Mkunga au muuguzi aliye miongoni mwetu akisimama akasema, "Mimi nitawachukua watatu," mfuko huo huo utanue mlango. Swali jingine: hawa tukishawasaidia si watabaki mjini? Watabaki, wengi wao. Kazi iko huko. Hata mimi naishi huko. Lakini mliona mchanganuo wa kwanza wa bweni letu ulivyoletwa, na mliona ulivyopungua baada ya wawili kati yetu kukaa nao usiku mmoja na kukuta kuta za ndani zimepimwa mara mbili. Hatukudai senti.

Na kuna siku ambazo hatuzitaki lakini zinakuja. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima wetu ulishusha matope Katesh, Jorodom na Gendabi, tukapoteza zaidi ya watu 80. Wafu tumewazika na tunawaombea. Baada ya mazishi yalibaki maswali ya walio hai. Fikirieni familia ambayo nyumba yake haipo, imebaki alama ya msingi na ushahidi wa jirani, na mtu wa msaada anauliza: ilikuwa na vyumba vingapi, ya tofali gani, ilikuwa na thamani gani? Serikali na wahisani walijenga nyumba zaidi ya mia moja Waret. Kazi ya namna hiyo inataka mtu anayeweza kupima kitu kisichoonekana tena, kwa haraka, bila kumpunja aliyeumia na bila kumdanganya anayesaidia. Napenda siku nyingine kama hiyo, Mungu aiepushe, itukute tuna vijana wetu kumi wanaoweza.

Vijana mlio hapa, nanyi niwaambie mawili kabla sijakaa. Msisubiri mfuko huu upite ndipo muanze. Nunueni daftari la shilingi elfu mbili. Kila mnapopita penye ujenzi, Endasak, Nangwa, Katesh, ulizeni bei ya lori la mchanga na limetoka wapi, ulizeni fundi analipwaje, kwa siku au kwa tofali, andikeni na tarehe. Baada ya miezi sita mtakuwa na kitabu cha bei za Hanang ambacho hata ofisi yangu haina, na nitakinunua. Pili, mkiitwa kwenye usaili msijifanye wa mjini. Kuweni watu wa mahali.

Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha na naona Mweka Hazina ananitazama. Fomu za ahadi kwa mfuko wa wahitimu ni zile za rangi ya njano, ziko kwake na kwa makatibu wa matawi. Mimi naanza na gharama ya kijana mmoja kwa miezi miwili, shilingi 595,200, na nimeshailipa asubuhi, risiti anayo. Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda kuchimbua pembeni mwa msingi wa bweni ili tupime kina chake halisi dhidi ya mchoro. Wahitimu wote wanne mlioandikisha majina nawasubiri pale, na mwanachama yeyote anayetaka kuona aje. Mje na viatu vya kufunika, na mwenye futi kamba ya mita 30 aje nayo, yangu imekatika mita ya nane.